MTETEZI SHARTI AULIZE KWANZA

Kuwatetea wanyonge ni wajibu mtukufu, na jamii isiyokuwa na watetezi wa wanyonge haina uhai. Lakini dawa njema huweza kumdhuru mgonjwa ikitolewa pasipo kumwuliza anaumwa wapi, na utetezi nao ni vivyo hivyo. Katika miaka ya karibuni umeenea ulimwenguni, hasa katika nchi za Magharibi, mtindo wa siasa unaojiita wa kimaendeleo na wa haki za jamii. Wafuasi wake wengi ni vijana wenye nia safi. Hata hivyo mtindo huo una kasoro moja kubwa: aghalabu mwanaharakati husema kwa niaba ya mtu ambaye hakumwuliza, na gharama ya maneno yake hulipwa na yule yule asiyeulizwa.

Watu wanaoweza kulieleza jambo hili kwa undani hawako mbali. Katika mtaa wa Nyamityobora, jijini Mbarara, Kiswahili husikika pamoja na Kinyankole. Kutoka Mbarara, njia huelekea wilaya ya Isingiro, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa la jina hilo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi katika Afrika. Leo wakazi wake wengi ni Wakongo, na miongoni mwao wamo watu wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Hao ndio watu ambao kwa jina lao zilifanyika kampeni kubwa katika miji ya Marekani, na ambao waliyaona matokeo yake kwa macho yao.

SHERIA YA MAREKANI, NJAA YA KIVU

Baada ya mwaka 2000 wanaharakati wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba vita vya mashariki ya Kongo vilikuwa vikiendeshwa kwa fedha za madini: bati, tangsteni, dhahabu, na koltani inayotumika katika simu. Dai hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, kwani vikundi vingi vya wapiganaji vilitoza kodi machimboni. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, watu mashuhuri walitoa hotuba, na ujumbe ukarahisishwa hata ukawa wa maneno machache: simu yako inaua Mkongo.

Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya fedha iitwayo Dodd-Frank. Kifungu cha 1502 cha sheria hiyo kiliyaamuru makampuni kutoa taarifa kama madini yao yametoka Kongo au katika nchi tisa zinazopakana nayo, Uganda ikiwa mojawapo. Mwezi Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Amri hiyo iliondolewa mwezi Machi 2011, lakini tangu Aprili wanunuzi wakubwa wa nje hawakutaka tena madini yasiyokuwa na lebo ya kuthibitisha asili yake. Na machimbo mengi hayakuwa na mtu wa kuyawekea lebo.

Matokeo yake ni rahisi kuyaeleza kwa mtu anayetunza nyumba. Mchimbaji mdogo ambaye jana alikuwa na fedha ya chumvi, sabuni, karo na dawa, leo hakuwa nayo. Mwenye duka hakupata mnunuzi, na gari lililopeleka unga likakosa sababu ya kwenda. Wananchi wa huko wakaipa sheria hiyo jina la "Sheria ya Obama", na halikuwa jina la sifa. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyokuwa karibu na machimbo yaliyoguswa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mapigano na uporaji viliongezeka hasa katika sehemu zenye dhahabu, kwa maana wenye bunduki walihamia huko au wakageukia kuwanyang'anya raia.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Wako Wakongo walioiunga mkono sheria hiyo, na mmoja wao ni Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kadhalika ni kweli kwamba utaratibu wa lebo ulianzishwa na baadhi ya machimbo yakaondokana na wenye silaha. Lakini mwezi Septemba 2014 wataalamu wapatao 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakilalamika kwamba sera hiyo iliwaacha wachimbaji bila ya riziki, na kwamba watu wa huko hawakushauriwa ipasavyo. Na mwezi Oktoba 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba hali ya amani mashariki ya Kongo haikuwa imeboreka kwa sababu ya sheria hiyo. Katika mwaka huo wa 2024, waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya wenye machimbo makubwa ya koltani. Na mwezi Januari 2025 wakauteka mji wa Goma. Familia nyingine zikashika njia ya kuja Uganda.

MGOMO ULIOOMBWA NA WENYEWE

Huenda msomaji akauliza: je, kususia bidhaa ni kosa siku zote? La hasha. Historia ya Afrika ina mfano ulio kinyume kabisa na huo wa Kivu.

Tarehe 26 Juni 1959 ulifanyika mkutano mjini London wa kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika ya Kusini. Mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU katika Tanganyika iliyokuwa bado haijapata uhuru. Kampeni hiyo ndiyo iliyokua ikawa chama kikubwa cha kupinga ubaguzi wa rangi. Nayo haikubuniwa na watu wa London peke yao. Wito wa kususia ulitoka kwa Waafrika wa Afrika ya Kusini wenyewe na chama chao cha ANC. Kiongozi wao, Chifu Albert Luthuli, hakuificha gharama yake. Alieleza waziwazi kwamba Waafrika wataumia, lakini kwamba wako tayari kuyabeba maumivu hayo iwapo yataifupisha siku ya kumwaga damu.

Hapo ndipo penye tofauti. Silaha iliyotumika ni moja, nayo ni kukataa kununua. Katika Afrika ya Kusini, waliokuwa waumie ndio walioiomba. Katika Kivu, mchimbaji na mkewe walipata habari wakati mnunuzi hakuonekana tena. Mtu ana haki ya kujitolea mhanga nafsi yake. Hana haki ya kumtoa mhanga jirani yake kisha akapongezwa kwa ushujaa.

PICHA YA KONY

Askari wa Uganda wana mfano wao wenyewe. Tarehe 5 Machi 2012 chama cha Invisible Children cha Marekani kilitoa filamu ya nusu saa hivi juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Katika muda wa siku sita filamu hiyo ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Vijana wa nchi za mbali walinunua bangili na picha za ukutani, wakiamini kwamba Kony akijulikana atakamatwa.

Tarehe 13 Machi filamu hiyo ilionyeshwa hadharani mjini Lira, mbele ya watu ambao vita hivyo vilipita katika nyumba zao. Hawakushangilia. Waliona kwamba hadithi ilikuwa ya mtengenezaji wa filamu na mtoto wake zaidi kuliko yao, na walichukizwa kusikia kwamba uso wa mtu aliyewaua jamaa zao unavaliwa kwenye fulana. Mkutano ukavunjika kwa hasira, na mawe yakarushwa. Serikali nayo ilibidi iwakumbushe walimwengu kwamba LRA ilikwisha kuondoka katika ardhi ya Uganda tangu mwaka 2006.

Siku iliyotangazwa ya kubandika picha za Kony katika miji yote, tarehe 20 Aprili 2012, waliojitokeza walikuwa wachache. Kelele zikaisha. Lakini askari waliokuwa katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati hawakurudi nyumbani siku hiyo. Walikaa huko miaka mingine mitano, hadi 2017, na wake zao wakaendelea kuhesabu miezi. Ni katika muda huo, mwezi Januari 2015, ndipo Dominic Ongwen alipotiwa mikononi mwa wakubwa wa kisheria. Mwaka 2021 mahakama ya The Hague ilimhukumu kifungo cha miaka 25.

Isisahauliwe kwamba chama kile kile cha Marekani kilifanya pia kazi ya maana. Kilisaidia kuweka redio za mawasiliano vijijini, Kongo na Afrika ya Kati, ili wanakijiji waonyane adui anapokaribia. Kazi hiyo haikutazamwa na watu milioni 100. Lakini ilianza kwa kumsikiliza mwanakijiji, na kwa hiyo ilimfaa mwanakijiji.

JIRANI ASIYEONEKANA

Kasoro nyingine huzaliwa na hiyo ya kwanza. Asiyeuliza huiona dunia kama mchezo wa watu wawili tu, mdhalimu na mdhulumiwa. Penye makazi ya wakimbizi yuko mtu wa tatu, naye ni mkulima mwenyeji. Mwananchi wa Isingiro mwenye shamba la matoke hakumfukuza mtu yeyote nchini mwake, wala hakualikwa kwenye kampeni yoyote. Lakini maji, kuni, ardhi na dawati la shule anavigawana na mgeni. Ndiyo maana Uganda imeweka kanuni kwamba kiasi cha asilimia 30 ya misaada inayoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafae wenyeji pia. Kanuni hiyo haikutokana na maandamano. Ilitokana na kujua kwamba kisima kimoja hakiwezi kuwa na haki mbili.

Aidha, macho ya wanaharakati huhama upesi. Mwezi Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa ukosefu wa fedha, na mwezi Februari 2021 upungufu ukafikia asilimia 40. Mwezi Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni moja waliondolewa kabisa katika orodha ya chakula. Filamu ya kutazamwa na watu milioni 100 haikutengenezwa kwa ajili ya sufuria tupu ya Nakivale, maana sufuria tupu haina adui wa kubandikwa ukutani.

Wakimbizi wenyewe, kwa upande wao, si mabubu. Katika makazi wanachagua kamati zao za ustawi, kuanzia kijiji hadi makazi yote. Tangu mwaka 2018 wanalo pia baraza la kitaifa linalopeleka maoni yao mbele ya serikali na mashirika. Anayetaka kuwatetea anaye wa kumwuliza.

MAFUNZO YA NYUMBANI

Mambo haya yana funzo kwa kila nyumba, kwa kuwa leo kampeni huingia mpaka chumbani kwa njia ya simu. Mtoto wa askari aliye kambini Mbarara huombwa atie jina lake, asambaze picha, au alaani watu asiowajua. Haifai mzazi kumzomea, kwani moyo wa huruma ni mali, na ukivunjwa utotoni hautengenezeki kwa urahisi. Inafaa amfundishe kuuliza maswali machache. Je, wanaotetewa ndio walioleta ombi hili? Likifanikiwa au likishindikana, ni nani atakayelipa? Ni nani mwingine anayeishi mahali hapo ambaye hakutajwa? Na je, msemaji atakuwapo bado mwaka ujao?

Maswali hayo si mageni katika kazi ya ulinzi. Jemadari hashambulii kabla ya wapelelezi kurudi na habari za uwanja. Askari polisi hafungi jalada kwa maelezo ya upande mmoja. Mama naye, mtoto akilia usiku, humpapasa kwanza ajue panapouma ndipo afikirie dawa. Kama uangalifu huo unatakiwa katika kulinda kijiji kimoja na kulea mtoto mmoja, unatakiwa zaidi kwa yule anayetaka kutengeneza maisha ya mamilioni kutoka ng'ambo ya bahari.

Upo utetezi wa kuigwa, nao hauhitaji safari ndefu. Familia ya Nyamityobora inayotaka kumfaa mkimbizi inaweza kununua mahindi yake kwa bei ya halali, kumpa fundi wa Kikongo kazi na kumlipa kwa wakati, kumsaidia mtoto wake kusoma Kiingereza cha shule, na kumsikiliza anapoeleza aliyoyaacha Kivu na anayoyataka sasa. Huenda akataka jambo ambalo hakuna bango lililowahi kulitaja: shuka, mbegu, au barua ya kutambulishwa kwa mwajiri. Mwenye njaa ndiye ajuaye njaa yake, na mtetezi wa kweli hupata habari hiyo kwake kabla ya kupaza sauti.