Bei ya Dozi na Gharama ya Afueni

Mnunuzi aingiaye duka la dawa Ngaramtoni siku ya gulio aghalabu huuliza bei kabla ya jambo jingine lolote, wala hana lawama, kwa kuwa fedha ni zake. Bali wizara iliyokabidhiwa siha ya umma haina ruhusa ya kukomea hapo, maana kinachonunuliwa kwa kodi ya wote ni afueni, na vidonge ni njia tu ya kuifikia.

Tutazame malaria. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza nchini Tanzania, na bei yake hafifu, hata vimelea vikaizoea, watoto wakawa wanamaliza dozi homa isiwatoke. Mwaka 2001 ikaondoshwa, ikashika zamu SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, nayo haikudumu. Na kuanzia mwisho wa 2006 ikaletwa dawa mseto, ALu, iliyokuwa ghali mara kadhaa kuliko zile mbili. Je, ilikuwa israfu?

Hesabu, kwa tarakimu nilizoziweka kwa mfano tu, huenda hivi. Wagonjwa 100 wakipewa dawa ya shilingi 100 wakapona 40, gharama ni shilingi 10,000. Wakipewa ya shilingi 1,000 wakapona 95, gharama ni shilingi 100,000. Mwenye haraka ataona kila aliyepona kwa dawa ya kwanza amegharimu shilingi 250 tu, naye atashangilia urahisi. Mchumi wa afya huuliza: zile shilingi 90,000 zilizozidi zimeongeza wangapi? Zimeongeza 55, yaani kama shilingi 1,640 kwa kila mmoja ambaye, lau si dawa ile, huenda angefikishwa hospitali ya Selian akiwa mahututi, atundikiwe dripu, aongezewe damu, na mama yake aache shamba akamuuguze. Hayo yote huingizwa katika hesabu. Na maradhi yakitofautiana, afueni hupimwa kwa miaka ya uhai wenye siha, ili dawa ya kifafa na chanjo ya surua zilinganishwe kwa insafu.

Lakini hesabu iliyo sahihi Rufiji yaweza kuharibika kwenye miteremko ya Meru, penye baridi na mbu wachache. Kwa jirani zetu wa Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa makini: 528 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, na waliokuwa wakiugua malaria kwa hakika walikuwa 14. Dawa mseto ikitolewa kwa dhana namna hiyo hainunui afueni yoyote, na ugonjwa wenyewe hubaki mwilini bila tiba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010, lilitaka kila mgonjwa apimwe kwanza.

Limebaki suala la ukomo wa gharama. Wengi walizoea kusema kwamba dawa yafaa ikiwa gharama ya mwaka mmoja wa siha haizidi mara tatu ya pato la mwananchi kwa mwaka. Kanuni hii siiridhii, kwa kuwa haiulizi hazina ina nini: dawa yaweza kuupita mtihani huo, kisha ikanunuliwa kwa fedha za oksitosini inayozuia damu kuwatoka kwa wingi wazazi wetu baada ya kujifungua. Kamati ipitishayo dawa mpya na itaje waziwazi ni huduma gani itakayopunguzwa ili fedha ipatikane, na ni wagonjwa wangapi waliokuwa wakiitegemea.