Mlango Uliopinda Ndani ya Miwani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kutoka chuoni na miwani ya kuonyesha picha, ile inayovaliwa kichwani kama kofia, akamvisha dada yangu mkubwa mwenye miaka 81. Alikuwa ametia ndani yake filamu ya nyumba yetu ya Unguja, Mji Mkongwe, iliyopigwa na mpwa wangu aliyebaki huko. Dada hawezi tena safari ya ndege. Tulidhani atafurahi. Alitazama kimya, kisha akasema: "Mlango umepinda. Nyumba inaanguka na nyinyi mnanificha."

Wasomaji wenye nyumba za wazee huko mtanielewa. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, dada amekuwa na khofu na kila ufa anaosimuliwa. Haikuwa jambo la kuchekwa.

Nikaivaa mwenyewe. Kweli, kizingiti cha juu kilikuwa kama upinde. Mimi nilikuwa karani, si mhandisi, lakini karani akiona hesabu mbili hazilingani hutafuta kosa limeingia wapi. Nilimwomba mjukuu apige picha ukurasa wa daftari langu la zamani la hesabu, wenye mistari ya rula, auonyeshe ndani ya miwani. Mistari ikapinda vilevile, pale pale juu. Katika simu ukurasa huohuo ulikuwa umenyooka. Basi kosa lilikuwa la miwani, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kumsumbua kijana kwa maswali.

Ndani ya miwani ya namna hii mna skrini ndogo juu ya nyusi, na mbele ya jicho kipande cha kioo kilichobonyea kama bakuli. Kioo kimepakwa utando mwembamba unaorudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine, ndiyo maana unaiona picha na chumba kwa pamoja. Wazo si jipya: Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza chombo cha kichwani chenye vioo vya nusu-nusu mwaka 1968, kizito hata kikaning'inizwa darini. Kioo kina sifa moja kubwa kuliko lenzi. Lenzi hupinda kila rangi kwa kiasi chake, ukaona ukingo mwekundu au wa buluu; kioo hurudisha rangi zote kwa pembe moja.

Tabu ni kwamba skrini haiwezi kukaa mbele ya uso, itaziba macho. Huwekwa juu, na kioo hulazwa ili kiupokee mwanga kwa mshazari. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Katika shule ya misheni mwalimu wetu wa fizikia alitugawia vijiko tujitazame, na kila tulipokiinamisha kijiko nyuso zilirefuka, tukacheka. Sikujua kwamba miaka sitini baadaye kijiko kile kingemkosesha dada yangu usingizi.

Chukua kioo cha duara kinachokusanya mwanga umbali wa sentimita 10 kikiangaliwa moja kwa moja. Kiinamishe hadi mwanga ukigonge kwa digrii 30. Mwanga ulioenea juu-chini sasa utakusanyika kwenye sentimita 8.7, na ulioenea kulia-kushoto kwenye 11.5. Kwa digrii 45 ni takriban 7 na 14, mara mbili kamili. Tena upande mmoja wa kioo uko karibu na skrini kuliko mwingine, kwa hiyo picha hukuzwa zaidi huku na kidogo kule: mraba unakuwa na upande mpana na upande mwembamba, na kingo zake zinajikunja. Ni maradhi mawili, ukungu na kupinda.

Watu wengi husema programu itanyoosha. Kweli, kompyuta inaweza kuipinda picha kinyume kabla haijafika kwenye kioo, ili kioo kiinyooshe. Lakini programu haiondoi ukungu. Tena hesabu yake imefanywa kwa jicho lililokaa mahali maalumu. Miwani ikiteleza kidogo puani, hesabu si sahihi tena. Jicho la kulia likiuona mstari juu kidogo kuliko la kushoto, kichwa huuma. Kwa maoni yangu, kilichoharibiwa na umbo kitengenezwe kwanza kwa umbo.

Dawa ya kwanza ni kukibonyeza kioo zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, hadi vile vituo viwili vya mwanga vikutane. Ya pili naipenda zaidi. Fikiria tende kubwa iliyo tupu ndani, ncha zake mbili zikiwa sawa, na ndani imepakwa rangi ya fedha. Umbo hilo, duaradufu iliyozungushwa, lina nukta mbili: mwanga ukitoka katika moja, popote ugongapo ukuta, hupita katika ya pili. Kata kipande cha ukuta huo, weka jicho karibu na nukta moja na skrini upande wa nyingine, na njia za mwanga zinakuwa na utaratibu. Mradi wa North Star uliotangazwa Marekani mwaka 2018 ulitumia vioo vya umbo hilo. Si dawa kamili, kwa kuwa skrini ni bapa na pana, haikai kwenye nukta. Kinachobaki ndicho huachiwa programu.

Wengine hukwepa mshazari kabisa. Kioo bapa hakipindi picha hata kikiinama, kwa hiyo hutumia bapa cha nusu-nusu kuupeleka mwanga kwenye bakuli lililouelekea sawasawa, nao hurudi kupitia bapa hadi jichoni. Gharama ni mwanga: nusu hubaki safari ya kwanza, nusu ya hiyo ya pili, imebaki robo. Bakuli nalo likiwa la nusu-nusu, ni sehemu moja ya nane. Kwa jua letu la Maskati, huoni kitu nje.

Swali lenyewe lilishughulikiwa na Ibn al-Haytham wa Basra, miaka elfu moja iliyopita, katika Kitab al-Manazir: jicho liko hapa, kitu kiko pale, mwanga utagonga nukta ipi ya kioo cha mviringo? Wanaotengeneza miwani hii huiuliza kompyuta swali hilo mara nyingi mno kwa siku.

Nilimpelekea dada daftari, nikamvisha tena miwani, aione mistari ikipinda. Akanyamaza, akasema, "Basi hiyo miwani yenu ni kijiko." Lakini hakuridhika, wala simlaumu. Nimemwandikia mpwa ashushe timazi kwenye mwimo wa mlango, aweke rula kwenye kizingiti, apige picha kwa simu. Bado namngoja.