Abonema ulilipa, televizyo inakatala: hiyo kosa ya HDCP ni nini?

Kamarade mumoja, dereva wa dumper, alitoka posti ya usiku, akalala, na mangaribi akafungua televizyo juu kulikuwa mupira. Menyu ya dekodere ikatokea muzuri, na rangi zake zote. Lakini alipoingia ku shene ya mupira, ekrani ikawa nyeusi, na katikati maneno ya kifaransa pamoja na herufi ine ambazo hakuzijua: HDCP. Akapima shene ingine: nyeusi. Ingine tena: nyeusi.

Akamugeukia mama wa nyumba. «Falanga ya abonema nilikuachia, ulifanyia nini?» Mama akaleta karatasi ya malipo. Mwanaume akasema hiyo ni ya mwezi uliopita. Mama akamuonyesha tarehe. Basi, ulilipia namba ya dekodere ya mutu mwingine, labda ya dada yako! Maneno yakapanda, mpaka siku ya yenga mashemeji wakaitwa kuja kuyakata.

Sisi wa delegasyo ya sendika hatukujua kitu juu ya hiyo vita. Kamarade alifika ku biro yetu siku ya posho, na karatasi ya kuomba akonti ku mushahara. Tukamuuliza: ugonjwa? Kilio? Masomo ya watoto? Akajibu hapana, ni televizyo. Fundi wa mutaa aliifungua, akasema imeungua ndani, sherti anunue ingine. Alikwisha hata kumupa yule fundi dola 20 za kuangalia tu.

Katika delegasyo yetu muko elektrisye mumoja wa atelye. Alimuuliza maulizo mawili: menyu ya dekodere unaiona? Ndiyo. Umeme ulikatika ile siku? Ulikatika, ukarudi saa kumi. Elektrisye akacheka. «Televizyo yako haikufa, kamarade. Iligombana na dekodere tu.»

Tunajua kuko watakaouliza: sendika na televizyo, wapi na wapi? Nyinyi kazi yenu ni mushahara, bote za usalama na dawa ya hospitali. Ni kweli. Lakini akonti ni mushahara. Mutu anayekatwa miezi mitatu juu ya televizyo ambayo haikuharibika, watoto wake njo wanakula kidogo hiyo miezi mitatu. Na yule anayekimbilia mikopo ya lambert, huyo tunamulilia kabisa. Tangu siku ile tuliuliza wengine, na tukaona wengi walipita mu shida ile ile, mumoja hata aliuzisha televizyo yake muzuri kwa bei ya mbuzi. Basi tunaandika.

Kwanza, hiyo HDCP. Vijana wanaisoma kwa kifaransa, ash-de-se-pe. Ni kufuli iliyotengenezwa na kampuni Intel ya Marekani, ikatoka mwaka 2000, kwa kukataza watu kuiba filamu na mupira zikipita mu kable. Kable yenyewe tunayoiita HDMI ilitoka nyuma kidogo, mwaka 2002. Picha inapotoka mu dekodere kuelekea televizyo, inatembea ikiwa imefungwa, na televizyo sherti ionyeshe asema iko na ruhusa ya kuifungua.

Fikirini porte ya mugodi. Gardien ni dekodere, mufanyakazi ni televizyo. Ukifika, gardien anataka badge. Anaiangalia, anakulinganisha na daftari yake, ukiwa sawa unaingia. Kila televizyo na kila dekodere inatoka ku kiwanda na funguo 40 za siri ndani yake, hiyo njo badge. Tofauti ni moja tu: huyu gardien wa HDCP, hata ungali ndani unafanya kazi, anakufuata na kuuliza tena kila sekunde 2. Siku moja ukichelewa kujibu, anafunga porte, hata kama umefanya kazi pale miaka kumi. Njo ile ekrani nyeusi katikati ya penalti.

Sasa, ni nini inafanya televizyo ikose kujibu? Hapa kwetu jibu la kwanza ni delestaji. Umeme ukikatika na kurudi, vyombo vyote vyenye kuwa ku multiprizi moja vinaamuka pamoja. Dekodere inaamuka na kutafuta televizyo. Televizyo ingali na usingizi, ao inangoja umubonyeze telekomande. Dekodere inasema: huyu hana badge. Na ingine zikisha kusema vile hazirudie kuuliza, mpaka uzizime kabisa. Tena umeme unaporudi mara nyingi unarudi ukiwa chini ao juu sana, unacheza-cheza, na vyombo vinachanganyikiwa. Mwenye stabilizatere anajua faida yake.

Dawa yake haiombe fundi. Zima televizyo na dekodere, lakini si kwa telekomande, juu telekomande inavilaza tu, haivizime. Tosha prizi ku ukuta. Tosha kable ya HDMI pande zote mbili. Ngoja dakika mbili ao tatu, kunywa maji. Rudisha kable, uisukume mpaka mwisho. Kisha washa televizyo mbele, uiweke ku HDMI yenye kuwa na kable, uone imeamuka muzuri. Nyuma ya pale njo uwashe dekodere. Ni utaratibu tu: mwenye badge asimame ku porte mbele ya gardien kufika. Kwa yule kamarade wetu, dakika tano zilitosha.

Kuko watu watauliza juu ya nini tunasema kutosha prizi mbele ya kugusa kable. HDMI ilitengenezwa ili uweze kuichomoa hata umeme ukiwako, ni kweli, vitabu vyake vinasema vile. Lakini vitabu havikuandikwa kwa nyumba zetu, nyumba ambazo prizi hazina terre, na ukigusa chuma nyuma ya dekodere vidole vinakutetemeka. Mu nyumba kama ile, kuchomeka kable na umeme ndani kunaweza kuunguza mulango wa HDMI. Pale njo hasara ya kweli, na maneno ya fundi yatakuwa kweli.

Kama ile dawa ya kwanza haikufaa, angalia kable. Ku kichwa cha HDMI muko meno 19, na nyuma ya hayo meno nyuzi nyembamba za shaba, shaba kama ile tunachimba kila siku. Meno mengi yanabeba picha na sauti. Lakini mawili, la 15 na la 16, njo yanapitisha mazungumuzo ya televizyo na dekodere, pamoja na maulizo ya badge. Kwa hiyo inawezekana nyuzi za picha ziko nzima na nyuzi za mazungumuzo zimechoka, na mutu anaapa mbele ya Mungu asema kable yake ni muzuri, juu menyu anaiona. Menyu si kipimo! Dekodere ingine hazifunge menyu, zinafunga paka shene. Na vumbi yetu, sisi watu wa karibu na karyeri, inaingia popote. Pangusa kwa brosi kavu, usiweke maji wala mafuta. Pima kable ya jirani, ya mufupi. Kable ya mita kumi ya bei ndogo, yenye kupita chini ya kapeti na chini ya miguu ya kiti, hiyo njo mugonjwa wa kwanza.

Tunarudi nyuma kidogo, juu ya kusoma maneno ya ekrani, maana watu wanachanganya. Maandiko «aucun signal» yakitembea-tembea ku ekrani, ile ni televizyo inasema haione kitu ku mulango uliochagua: kable imetoka, dekodere imezimika ao umechagua HDMI isiyo yake. Dekodere yenyewe ikisema haipate satelite, panda uangalie parabole, upepo uliigeuza ao mutoto alivuta kable. Ikisema abonema imekwisha ao haki hauna, pale sawa, uliza mama karatasi, lakini uliza na heshima. HDCP ni jambo la ine, na halina uhusiano na falanga. Mara ingine haiandike hata neno: picha inakuja sekunde chache, inapotea, inarudi, ao sauti inasikika na ekrani ni nyeusi, ao unaona kama mvua ya nukta-nukta.

Kipimo cha kutenganisha mambo yote ni ile kable ya zamani ya nyuzi tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe. Ile haina kufuli ya HDCP, haijui hata badge ni nini. Kama dekodere yako ingali na ile milango, unganisha. Picha ikitoka kwa njano na kukosa kwa HDMI, basi parabole ni muzuri, abonema ni muzuri, mama hakukula kitu. Ugonjwa uko ku njia ya HDMI. Picha haitakuwa safi sana, lakini mupira utauona. Dekodere ingine mpya hazina tena hiyo milango, na ingine zinakataza shene kubwa kupita pale, kwa hiyo ikikosa usihukumu mbiyo.

Wenye bistro, hii ni yenu. Munakata kable moja mu televizyo tatu kwa kile kiboksi cha kugawanya. Kila televizyo ya ile musururu sherti ionyeshe badge yake kupitia kiboksi, na kiboksi nacho kionyeshe yake. Televizyo moja ya zamani ikikosa, inaweza kufunga zote tatu, na wateja wanarusha chupa. Tosha kiboksi, unganisha televizyo moja kwa moja, uone. Ikitembea, ugonjwa ni kiboksi ao mumoja wa zile tatu. Rudisha moja-moja mpaka umujue.

Kisha kuko shida ya umri. Kufuli imebadilishwa. Ile ya kwanza ni ya familia 1. Mwaka 2013 ikatoka 2.2 kwa picha kubwa sana, zile za 4K. Dekodere ya 4K ikikutana na televizyo yenye kujua paka ya zamani, inaweza kukatala picha ya 4K, ao kushusha ukubwa. Na tena, televizyo ingine iko na milango mitatu ya HDMI, lakini 2.2 iko ku mulango mumoja tu. Angalieni nyuma yake, mara nyingi imeandikwa pale. Kuhamisha kable toka mulango mumoja kwenda mwingine ni kazi ya bure, lakini tumeona mutu akilipa juu yake. Ao ingia mu menyu ya dekodere, ushushe picha ku 1080 ao 720. Na nyinyi munaonunua televizyo ya okazyo ya Ulaya, tafuteni alama «HD ready», iliyoanza mwaka 2005: inaonyesha asema televizyo inajua ile kufuli ya kwanza. Ekrani ya zamani ya ordinatere haina, na hapo hakuna fundi wala mupasteri atakayeiponyesha.

Tuseme pia lenye kutuuma. Mwezi wa 9 mwaka 2010, ufunguo mukubwa wa ile kufuli ya kwanza ulitoka inje, Intel yenyewe ikakubali asema ni wenyewe. Ni mwaka ule ule Mazembe ilifika finale ya dunia ya makilabu kule Abu Dhabi. Kwa hiyo wezi walipata njia tangu pale. Mwenye kubaki anaulizwa badge kila sekunde 2 ni nani? Ni yule aliyelipa. Hatusemi mununue vile viboksi vya kuua kufuli vyenye kuuzishwa kwa siri. Wengine wamenunua, na vingi vinaharibika upesi. Tunasema tu: mutu aliyelipa abonema asifanywe mwizi ku salo yake, mbele ya watoto wake.

Na majira ya mvua, radi. Ikianza kunguruma, tosha prizi na pia kable ya parabole nyuma ya dekodere, juu radi inapita pale, inaingia mu dekodere, inafuata HDMI mpaka mu televizyo. Mulango wa HDMI uliopigwa na radi unaonyesha dalili ile ile ya HDCP, lakini huo kuwasha na kuzima hakutauponyesha. Kama umepima kable ingine, mulango mwingine na televizyo ya jirani, na dekodere yako inakatala popote, basi dekodere njo mugonjwa. Ikikubali kwa jirani na kukatala kwako, ni televizyo. Pale sasa ita fundi, na umwambie ulichopima, ili asianzie ku kufungua kila kitu.

Karatasi ya akonti ya yule kamarade tuliipasua mbele yake, na yeye mwenyewe aliomba tuipasue. Dola 20 za fundi hazikurudi; fundi anasema alifanya kazi. Mashemeji walirudi siku ya yenga ingine, safari hii kusikia mwanaume akiomba musamaha, na mama aliukubali na pagne moja juu yake. Tulipopita kwao kuangalia ile HDMI, tulikuta karatasi ya malipo imebandikwa ku ukuta pembeni ya televizyo, na ya mwezi uliofuata juu yake. Telekomande ilikuwa mukononi mwa mama.