Masikio Nayo Hulishwa



Ndugu wasomaji, katika mwezi wa Desemba hapa Brooklyn Park jua huzama kiasi cha saa kumi na nusu alasiri, na ifikapo saa kumi na mbili hivi wakati wa Isha umekwisha ingia. Baada ya hapo usiku huwa mrefu kama safari ya jahazi lililokosa upepo. Nje kuna theluji, na ndani kila mtu ameinamia kioo chake: baba ana simu yake, kijana ana yake, na hata mtoto asiyejua kusoma ana kitu cha kutazama. Nyumba imejaa watu, lakini hakuna amsikilizaye mwenzake.

Katika usiku kama huo hebu tujiulize: watoto wetu wamesikia nini kwa Kiswahili tangu asubuhi? Aghalabu wamesikia maneno haya: oga, kula, vaa koti, zima hicho, je, umesali? Hayo ni maneno ya lazima, na hatuwezi kuyaacha. Hata hivyo, mtoto ambaye lugha ya wazee wake huifahamu kwa amri tu, huona kuwa lugha hiyo haina mzaha, haina kitendawili, haina mahaba wala majonzi. Akishapata umri wa kuchagua, ataiweka kando bila ya uchungu, kama aachavyo viatu vilivyombana.

Redio tunazozisikia ndani ya magari yetu hazitatuondolea tatizo hili. Zatupa habari za hali ya hewa, za barabara zilizofungwa, za michezo, na nyimbo zile zile zinazorudiwa mchana kutwa. Hatuzilaumu, kwani mpishi huwapikia wageni aliowaalika. Ila ni juu yetu kutafuta chakula cha masikio ya watu wetu, na chakula hicho kipo kingi kuliko wengi wetu tudhanivyo.

Kwanza tukumbuke kwamba mazoea ya kukaa pamoja na kusikiliza sauti iliyohifadhiwa, kwetu sisi watu wa pwani, yametangulia redio. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodiwa santuri kwa Kiswahili. Santuri hizo zilisambaa pwani nzima, na watu walikusanyika barazani na mikahawani palipokuwa na gramafoni ili wasikilize na kujadili maana ya mafumbo yake. Sauti ya Unguja ilikuja kuanza matangazo mwaka 1951, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kisha ikaja kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963. Kule Mji wa Kale wa Mombasa, duka la Mbwana Radio Service likapata sifa kwa kurekodi na kuuza taarabu ya mji wenyewe. Wapenzi wa akina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma hawakungoja mtangazaji awachagulie. Walikwenda dukani wakaitaka sauti waipendayo.

Pili ni michezo ya kuigiza. Waliokulia Tanzania wanaikumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, na wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana kilichowakusanya watoto kusikiliza hadithi. Waliokulia Kenya wanakumbuka jinsi Leonard Mambo Mbotela alivyokuwa akiuliza, katika kipindi chake cha adabu, kama jambo fulani ni la kiungwana. Katika vipindi hivyo mlikuwa na lugha iliyonyooka, nayo ilifundisha bila ya kushika fimbo.

Mfano uliochunguzwa sana ni mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwezi wa Julai 1993, mara mbili kwa wiki. Ndani yake mlikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyekuwa na wanawake njiani na hatimaye akapatwa na UKIMWI, na mkewe Tunu, aliyejifunza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Wataalamu walitaka kujua kama mchezo wa redio waweza kweli kubadili mwenendo wa watu, basi eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili walinganishe. Moja katika mambo waliyoyaona ni kwamba waliousikia mchezo waliuzungumza baadaye: mume na mke walijadiliana mambo ambayo awali waliyaonea haya, na majirani nao vivyo hivyo. Hapa ndipo penye siri ya mchezo wa sauti. Picha ikimalizika, watu huondoka. Sauti ikimalizika, kila mtu amemwona Mkwaju kwa sura yake, na hapo ubishi huanza. Nyumba iliyonyamaza yahitaji ubishi wa namna hiyo.

Wenyeji wetu wa hapa nao waliwahi kuwa na hazina hii. Familia za Marekani zilizunguka redio jioni kusikiliza michezo, mpaka televisheni ilipoichukua hadhira, na tarehe 30 Septemba 1962 shirika la CBS likatangaza michezo yake ya mwisho miwili ya zama hizo. Uingereza haikuacha. Mchezo uitwao The Archers, ulioanza kusikika nchi nzima mwaka 1951 ukiwa na nia ya kuwapa wakulima mawaidha ya kilimo, ungali ukitangazwa. Tofauti hiyo yatufunza kwamba mchezo wa redio haufi kwa uzee. Hufa unapokosa wa kuusikiliza.

Je, tutapata wapi michezo ya Kiswahili tukiwa huku? Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianzisha mwaka 2008 mfululizo wa michezo ya kuelimisha vijana uitwao Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, na baadaye ikatoa mchezo wa upelelezi uitwao Karandinga. Atakayetafuta kwa majina hayo katika intaneti atakuwa ameanza vizuri. Vilevile zimeenea simulizi za sauti, ambapo msimulizi mmoja husoma hadithi ndefu sehemu baada ya sehemu. Humo mna nzuri na mna za ovyo, na nyingine zina mambo ambayo hatuwezi kuyasikiliza pamoja na watoto wetu. Basi mzazi asikilize kwanza peke yake, kama aonjavyo mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni.

Kwa wazee ambao macho yamepungua nguvu, inafaa kujua kwamba jimbo letu la Minnesota lilianzisha mwaka 1969 huduma ya kuwasomea vitabu na magazeti kwa redio watu wasioona, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi hii. Husomwa kwa Kiingereza, lakini wapo wazee miongoni mwetu wanaoifahamu lugha hiyo na ambao wamekaa gizani bila ya sababu. Maktaba za Hennepin pia huazimisha vitabu vya kusikiliza bila ya malipo kwa mwenye kadi.

Tatu ni nyimbo, na hapa twajua kwamba rai za wasomaji wetu hazifanani. Wapo wanaojizuia na ala za muziki kwa kufuata waliyoyasoma kwa mashekhe wao, na wapo wanaosikiliza taarabu iliyo safi maneno yake. Makala haya hayakusudii kuamua jambo waliloligombania wanavyuoni. Yatosha kusema kwamba hakuna nyumba itakayokosa cha kusikiliza. Anayejizuia na ala ana kasida, ana maulidi ya Barzanji yanayosomwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na ana tenzi. Utendi wa Mwana Kupona uliotungwa kiasi cha mwaka 1858, ambao ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, haukutungwa ulale rafuni. Ulikusudiwa kughaniwa na kusikilizwa. Binti wa miaka kumi na mitano ambaye hawezi kuusoma Kiamu chake aweza kuusikia mahadhi yake, akauliza neno moja, kisha la pili.

Kwa wapendao taarabu na dansi la kale, mfululizo wa santuri uitwao Zanzibara, ulioanza kutolewa Ufaransa mwaka 2005, umekusanya rekodi za Ikhwani Safaa, chama kilichoundwa Unguja mwaka 1905, taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960, na sauti ya marehemu Bi Kidude. Tunaponunua badala ya kuiba, riziki humfikia mwenye haki yake.

Majirani zetu hapa Minnesota wametutangulia. KFAI, redio ya jamii ya Minneapolis iliyoanza mwaka 1978 kwa wati 10 katika mnara wa kanisa, kwa miaka mingi imewapa nafasi watu wa lugha mbalimbali. Ndugu zetu Wasomali wakaongeza yao, KALY 101.7, mwaka 2015. Ni redio ya nguvu ndogo, kwani sheria haiziruhusu redio za namna hiyo kuzidi wati 100, lakini ni yao. Watu hawa wanajua thamani ya sauti. Mwaka 1988, Hargeysa ilipokuwa katika hatari ya mabomu, watumishi wa redio ya mji huo na wapenzi wa muziki walizisalimisha kanda zao, nyingine zikavushwa mipaka na nyingine zikafukiwa ardhini. Vita vilipokwisha zilifukuliwa, na leo watu wa nchi mbalimbali wanazisikiliza.

Sisi nasi tumepata onyo letu. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipelekwa likizo kwa amri ya serikali, na idhaa ya Kiswahili iliyozoeleka tangu miaka ya 1960 ikanyamaza pamoja na nyingine nyingi. Kinachotegemea mkono wa mwingine huweza kuondoka kwa siku moja. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Na mbacha wetu uko wapi? Uko ndani ya masanduku, katika magereji na vyumba vya chini vya nyumba zetu. Humo mna kaseti tulizokuja nazo: mawaidha ya sheikh aliyekwisha fariki, maulidi ya mtaani, harusi ya mwaka 1984, na zile barua za sauti ambazo jamaa wa Muscat, Mombasa na Unguja walitumiana pale simu ilipokuwa ghali. Hakuna redio duniani iliyo nazo. Baridi kali, joto na unyevu huziharibu kila mwaka upitao, na sauti ya bibi ikifutika humo hatuna pengine pa kuipata.

Kuziokoa si kazi ngumu. Kwanza vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kaseti iliyotoka gerejini iache ndani siku nzima ipate joto la nyumba. Jaribu mashine yako kwanza kwa kaseti usiyoijali. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo, utepe ulegee. Unganisha waya kutoka tundu la visikizio la mashine hadi kwenye kompyuta, na utumie programu ya bure kama Audacity. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Andika jina la msemaji, mahali, mwaka na tukio, ukaweke nakala mbili au tatu mahali mbalimbali, moja kwa jamaa wa mji mwingine. Adabu nayo isisahaulike: sauti za wanawake zilizorekodiwa ndani ya harusi ya wanawake ni amana, wala hazipelekwi kwa watu wengine mpaka wenyewe au warithi wao waridhie.

Pendekezo letu, basi, ni dogo. Kuanzia sasa hadi theluji iyeyuke, kila nyumba itenge usiku mmoja wa wiki, baada ya Isha, nusu saa tu. Simu zote ziwekwe ndani ya kapu isipokuwa ile inayocheza. Wiki hii usikilizwe mchezo, wiki ijayo utenzi au kasida, na ya tatu kaseti moja ya nyumbani. Mkubwa mmoja aeleze maneno magumu, na mtoto mdogo kuliko wote apewe haki ya kuuliza kwanza. Wiki ya nne mashine igeuzwe: bibi au babu asimulie, na mjukuu awe ndiye anayebonyeza kitufe cha kurekodi. Ifikapo Juni, Maghrib itakuwa saa tatu za usiku na hakuna atakayepata nafasi ya kukaa. Wakati wake ni huu.

Wabillahi tawfiq.