Kagua paa kabla ya mvua, uokoe kifua cha mtoto na chakula chake

Mvua zinapoanza, mabenchi ya kliniki ya watoto hujaa. Wazazi huja na malalamiko yanayofanana: mtoto anakohoa usiku, kifua kinapiga filimbi, mafua hayaishi. Daktari atapima kifua na kuandika dawa. Lakini kwa baadhi ya watoto hawa dawa haitadumu, kwa sababu wanarudi kulala kwenye chumba chenye ukuta uliolowa, chini ya paa linalovuja.

Katika Mkoa wa Lindi mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa mkazi wa Chinongwe wilayani Ruangwa, au wa vijiji vya Nachingwea, miezi ya kiangazi iliyotangulia ndiyo ya kupanda juu na kulitazama paa, iwe ni la bati au la nyasi. Wiki hii nitaeleza kwa nini kazi hiyo ni kinga ya afya kama zilivyo kinga nyingine.

Unyevu unavyoingia kifuani

Paa likivuja, maji hulowesha dari, ukuta, godoro na nguo. Kitu kikibaki na unyevu kwa siku moja au mbili tu, kuvu huweza kuanza kuota. Ndiyo ile michirizi myeusi au ya kijani unayoiona kwenye kona ya chumba, pamoja na harufu ya uvundo. Kuvu hutoa chembe ndogo mno zinazopeperuka hewani, na anayelala humo huzivuta usiku kucha.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Lilieleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, kupata maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mtoto mdogo huumia zaidi, kwa sababu mirija yake ya hewa ni myembamba na hulala saa nyingi.

Sisemi kwamba kila kikohozi kinatokana na paa. Moshi wa kuni, mafua ya kuambukizana na kifua kikuu navyo vipo. Kikohozi kikifika wiki mbili, mpeleke mgonjwa akapimwe kifua kikuu, hata kama nyumba yenu ni kavu kabisa.

Tone linaloangukia gunia

Madhara ya pili huonekana kwa nadra, nayo ni makubwa zaidi. Nyumba nyingi za wakulima huhifadhi mahindi, karanga na mbaazi chumbani, mara nyingi kwenye kona ileile inayovuja. Gunia likilowa, ndani yake huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa kupikia hauimalizi. Kuipembua nafaka na kuiosha hakutoshi kuiondoa yote.

Nchini Kenya mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 walifariki. Hapa kwetu mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukaua watu wapatao 20. Wagonjwa walikuwa na macho ya njano, matumbo yaliyojaa maji na kutapika. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini B.

Kwa hiyo mahindi yaliyoota kuvu yasisagwe kwa ajili ya uji wa mtoto, yasipikiwe pombe, wala wasipewe kuku na ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye mayai na maziwa. Najua inauma kumwaga chakula ulichokilima kwa jembe. Ndiyo maana ni nafuu kununua misumari mapema.

Namna ya kukagua

Anza ndani, saa sita mchana. Funga mlango na madirisha, kisha tazama juu. Kila panapopenya mwanga, maji nayo yatapenya. Weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu. Tafuta pia madoa ya kahawia ukutani, kwani yanaonyesha maji yalipopita msimu uliopita.

Kwa paa la bati, angalia misumari kwanza. Jua hulitanua bati mchana na baridi ya usiku hulirudisha, hivyo msumari hulegea na kipira chake cha kuzuia maji hukauka na kupasuka. Uliolegea ung'olewe, uwekwe mnene zaidi wenye kipira kipya. Kisha kagua kofia ya juu, mahali bati moja linapolalia jingine, na sehemu zilizoshika kutu. Ondoa majani ya mwembe au mkorosho yaliyorundikana, maana hushikilia maji. Kama una gata, lisafishe. Maji yakituama humo, mbu huzaliana.

Kwa paa la nyasi, ongeza nyasi pale palipopungua au palipooza, hasa kileleni na palipo na bonde. Ukuta wa tofali za udongo nao unahitaji upenu mpana, na mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali na msingi. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, kagua tena.

Anayepanda juu akanyage kwenye mstari wa misumari, ambako chini yake kuna mbao, na mtu mwingine ashike ngazi. Watoto wasipandishwe. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na bati aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda.

Kama maji yameshaingia

Toa godoro na nguo nje zikauke siku hiyo hiyo jua likitoka. Sugua kuvu ukutani kwa maji na sabuni, ukiwa umefunga kitambaa puani, na mtoto mwenye pumu akae mbali. Fungua madirisha. Kupaka rangi juu ya kuvu huificha tu kwa muda.

Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta au kuota moto mkiwa mmelala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaweza kuua watu wote waliomo ndani.

Magunia yawekwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu: weka punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji. Kipimo hiki hakigundui unyevu mdogo, kwa hiyo ukiwa na shaka anika siku nyingine.

Lini umkimbize mtoto hospitali

Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ana nimonia. Mpeleke siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akiwa mlegevu kupita kawaida, usisubiri asubuhi.

Hakikisha pia amemaliza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Miongoni mwa magonjwa zinayoyakinga ni homa ya ini B, pepopunda na baadhi ya aina za nimonia.

Bei ya misumari michache na nusu siku ya fundi ni ndogo ukilinganisha na nauli za kwenda hospitali katikati ya masika, barabara zikiwa na matope. Kama mauzo ya ufuta au ya korosho yameingia nyumbani, tenga sehemu ndogo kwa ajili ya paa, ukianza na chumba anacholala mtoto na kile chenye magunia.