Feza ya Kipushi haionekani kwa macho

Kiswahili chetu kinaita "feza" yale madini meupe, na tena ile franka ya mfukoni. Pale Kipushi, karibu kilometa 30 toka Lubumbashi, zote mbili zimefichama ndani ya jiwe moja. Watu wanasema Kipushi ni zinki na shaba. Ni kweli, lakini hawajamaliza kuhesabu.

Tangu 1924 mpaka 1993 wazee wetu walishuka mule, kwanza kwa Union Minière, kisha kwa Gécamines. Kipande cha feza safi hawakukiokota, juu feza ya kule haikai peke yake. Karibu miaka milioni 450 iliyopita, mayi ya moto yenye madini yalipanda ndani ya ufa mkubwa wa ardhi, yakakula mawe ya chokaa na kuacha madini mahali pake. Ndiyo sababu mugodi wa Kipushi haukulala sawa mukeka: unazama sawa shina la muti, zaidi ya metre 1 500. Feza iliingia ndani ya mawe ya zinki, ya risasi, na yale ya kijivu yenye shaba.

Sasa utaijua namna gani? Kwa foraji na laboratware, basi. Gécamines ilipiga foraji na kuona lile fungu wanaloita Big Zinc, lakini mugodi ukafungwa mbele ya kulichimba. Mwaka 2011 pompe zilikufa, mayi yakapanda. Walipoyashusha, foraji zilianza tena 2014, kule chini metre 1 272. Karoti moja moja zilikatwa, zikasagwa, zikapimwa. Big Zinc ina zinki karibu 35 kwa mia, na feza karibu gramu 20 tu kwa tani: uzito wa vijiko vitatu vidogo vya chumvi! Kidogo, ndiyo. Lakini tani ni mamilioni, na uchimbaji umerudi 2024.

Hii inatugusa sisi wote, hata yule anayechimba na mupiki. Mashine ya munonuzi ikisoma shaba peke yake, feza iliyo ndani ya mufuko inakwenda bure. Bandugu, mbele ya kukubali bei, ulizeni: mumepima nini, na karatasi iko wapi? Na musikubali kipimo cha jiwe moja zuri lililochaguliwa juu ya mufuko. Wachote juu, katikati na chini, wachanganye, ndipo wapime.