Mchakamchaka Katika Vilima vya Bujumbura

Kwa miaka mingi mji wa Bujumbura uliamka kwa vishindo vya miguu. Alfajiri ya siku za mapumziko, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya mashariki, makundi ya watu yalisikika kabla ya kuonekana. Kwanza vilikuja vishindo, kisha kiitikio cha wimbo, na mwishowe ndipo lilipotokeza kundi lenyewe: vijana kwa wazee, wake kwa waume, wengine wamevaa viatu vya mpira na wengine ndala, wote wakielekea mlimani kwa mwendo mmoja.

Askari na mwanafunzi wanaufahamu mwendo huo tangu zamani, nao huuita mchakamchaka. Lakini katika Bujumbura haukubaki kambini wala shuleni. Wakazi wengi husimulia kwamba desturi ya raia kukimbia kwa makundi ilipata nguvu wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, mtaa ulipouogopa mtaa mwenzake. Aliyetoka peke yake alitoka na hofu yake; waliotoka pamoja walilindana. Ndiyo maana mazoezi haya, ambayo penginepo ni jambo la afya tu, hapa yamebeba pia suala la kuaminiana.

WIMBO NI KIPIMO

Wimbo wa mchakamchaka si pambo. Mtu anayekimbia kwa kadiri ya nguvu zake huweza kusema maneno machache bila kukatika pumzi. Akishindwa hata kuitikia kiitikio, moyo wake umekwisha kuzidiwa na mwendo. Kwa hiyo kiongozi mwenye busara husikiliza sauti zinazotoka nyuma yake. Sauti zikipungua, hupunguza mwendo. Zikizimika kabisa, huamuru watu watembee. Hakuna chombo cha bei rahisi kuliko hicho, na kila familia inacho.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, au dakika 75 za mazoezi mazito. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kutimiza kiasi hicho cha kwanza. Si lazima mtu akimbie hadi aanguke ndipo ahesabiwe kuwa amefanya mazoezi.

NJIA ZA VILIMANI

Bujumbura umejengwa mahali ambapo ardhi yenyewe ni mwalimu. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yapo kiasi cha meta 775 juu ya usawa wa bahari. Mashariki vilima huinuka ghafula, kimoja juu ya bega la kingine, hadi kwenye mgongo wa milima unaotenganisha maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo mto Nile. Mkimbiaji anaweza kuanza penye joto la uwanda na kumaliza penye baridi inayohitaji sweta.

Njia inayowafaa wengi ni ile ya kupanda upande wa Kiriri na kilima cha Vugizo, lilipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa Waziri Mkuu, miezi michache kabla ya nchi kupata uhuru. Mlima wake ni mkali kwa anayeanza, lakini malipo yake hayachelewi: kutoka huko mji wote huonekana chini, kisha ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Ni vyema anayeanza apande kwa kutembea na akimbie penye tambarare. Wakati wa kushuka apige hatua fupi, kwa maana magoti na mapaja huumizwa na mteremko kuliko na mlima.

Njia ya pili ni barabara kuu iendayo Bugarama, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, mahali palipo juu zaidi ya meta 2,000. Hiyo yote si ya mazoezi ya asubuhi moja. Ni ya wanamichezo na askari waliozoea. Lakini hata kilomita chache za mwanzo zinatosha kumwonyesha mtu migomba, mihogo na mikaratusi iliyosimama kandokando ya mashamba. Hatari ya njia hiyo ni magari makubwa na baiskeli. Vijana hushuka kwa kasi wakiwa wamepakia mikungu ya ndizi, na mara nyingi mwendesha baiskeli anayepanda hujishikiza nyuma ya lori. Mkimbiaji akae upande ambao magari humjia usoni, wala asikimbie ubavu kwa ubavu na mwenzake penye kona. Avae nguo nyeupe au ya rangi inayong'aa, kwa kuwa alfajiri ukungu hushuka hadi barabarani.

Kwenye mabonde ya mito, hasa Ntahangwa, kuna onyo jingine. Kingo zake zimeliwa na maji kwa miaka mingi, na nyumba kadhaa zimekwisha kuporomoka. Njia iliyokuwa salama wakati wa kiangazi yaweza kuwa imekatika baada ya mvua ya usiku mmoja. Mkimbiaji asikaribie ukingo, hata kama jana alipita hapo.

KANDO YA ZIWA

Wasiopenda milima wana barabara ya kusini iendayo Rumonge, yenye michikichi upande mmoja na ziwa upande mwingine. Zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini iko Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley. Wageni hao walilala hapo mwezi Novemba 1871, baada ya kukutana kwa mara ya kwanza Ujiji, walipokuwa wakizunguka kaskazini ya ziwa kwa mtumbwi. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakaona kwamba unaingia. Baba anayewachukua wanawe hadi huko kwa gari na kukimbia nao kipande kifupi atakuwa amewapa mazoezi na somo la historia kwa safari moja.

Penye maji, lakini, asubuhi isianze mapema mno. Viboko hutoka ziwani usiku kula majani na hurudi majini karibu na mapambazuko. Mtu akijikuta kati ya kiboko na maji, ameziba njia ya mnyama asiyejua kuomba nafasi. Tena maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwaka 2020 na kufunika sehemu za Gatumba na mitaa ya mabondeni, hivyo vijia vya zamani vya ufukweni si vya kuaminiwa bila kuuliza wenyeji.

Kuna pia msitu wa Kibira, kaskazini-magharibi ya nchi, wenye ukubwa wa kiasi cha hekta 40,000. Ni hifadhi ya taifa yenye miti ya kale, nyani na sokwe. Huko haifai mtu kuingia kukimbia peke yake. Aombe ruhusa kwa wasimamizi na afuatane na mwenyeji anayezijua njia.

ALIYEMPISHA MWENZAKE

Tarehe 3 Agosti 1996, katika mji wa Atlanta, Marekani, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za meta 5,000 kwa dakika 13, sekunde 7.96. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Burundi, katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ambayo nchi hiyo ilishiriki. Siku tisa kabla ya ushindi huo, serikali ilikuwa imepinduliwa mjini Bujumbura na vita vilikuwa vikiendelea.

Yapo yasiyokumbukwa na wengi. Mbio ambazo Niyongabo alijulikana nazo zilikuwa za meta 1,500. Nafasi yake katika mbio hizo alimwachia Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyemtangulia kwa umri, ambaye katika michezo ya mwaka 1988 na 1992 hakuweza kukimbia kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaenda kujaribu umbali ambao alikuwa hajauzoea, akarudi na dhahabu. Medali ilikuja baada ya kupishana, si kabla yake.

KUNDI NA SHERIA

Kundi linalokimbia ni nguvu, na nguvu huogopwa pia. Tarehe 8 Machi 2014, polisi walipowazuia wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wakikimbia mjini Bujumbura, mapambano yalizuka. Watu 21 walihukumiwa kifungo cha maisha, na mwezi huo huo ilipigwa marufuku kukimbia kwa makundi mjini, isipokuwa katika viwanja na mahali palipotajwa. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakipanda mlima kwa wimbo walijikuta wakipanda mmoja mmoja, kimya.

Fundisho la siku hizo linawahusu wote wawili, mwenye sare na asiye na sare. Kiongozi wa kundi aulize mapema kwa wakuu wa mtaa ni njia ipi inayoruhusiwa, awajue watu wake kwa majina, na asikubali mchakamchaka ugeuzwe kuwa jambo jingine. Naye mlinzi wa usalama akumbuke kwamba wengi wa wanaokimbia ni majirani zake, wametafuta pumzi tu.

Askari wa Burundi wanalielewa hilo kuliko wengi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na katika miaka iliyofuata watu waliokuwa wakilengana bunduki waliingizwa katika jeshi moja. Walipaswa kujifunza upya kupanga mstari na kwenda hatua sawa na mtu waliyekuwa wakimwinda jana.

Familia inayotaka kuanza haihitaji mengi. Maji yanywewe kabla ya safari na baada yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Mama aliyejifungua karibuni asiharakishwe. Mbele awekwe anayeijua njia, na nyuma kabisa awekwe mwenye nguvu kuliko wote, ili asiachwe mtu mlimani. Kundi huhesabiwa kuwa limefika pale tu wa mwisho anapofika, akiwa bado ana pumzi ya kuitikia.